Ukumbi mpya wa kusomea chuoni kwetu, baada ya miezi saba ya kuukalia

Nimeukalia ukumbi huu tangu ulipofunguliwa mwezi wa Januari, jioni nne kwa wiki, na Jumamosi asubuhi nikipata mtu wa kubaki na watoto. Nimeuzoea hadi najua kiti gani kinalia ukikiegemea na soketi gani haina moto. Wengi walioandika habari zake waliandika wiki ya ufunguzi, rangi ikiwa bado inanuka. Mimi nangoja nione chumba kinamfanyaje mtu katikati ya muhula, amechoka, mtihani uko wiki ijayo.

Nijieleze kidogo, maana ukumbi wa kusomea humfaa mtu kulingana na anakotoka. Nina miaka 38. Nashughulikia hati za forodha katika ofisi ya wakala wa mizigo karibu na Moi Avenue, hapa Mombasa, na nasomea shahada ya biashara, masomo ya jioni, mwaka wa tatu. Nyumbani ni Likoni, vyumba viwili, watoto watatu, na runinga ya jirani ambayo ukuta hauizuii. Miaka miwili ya kwanza nilisoma popote nilipopata: kwenye ngazi za jengo la zamani la chuo, kwenye banda la kungojea feri daftari likiwa juu ya paja, na katika mkahawa mmoja ambapo kikombe cha chai kilininunulia saa nzima kabla mhudumu hajaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa. Maktaba ya zamani ilikuwapo, ndiyo. Ilikuwa na soketi nne ukutani kwa watu tisini, na sheria ya kuacha mkoba mlangoni. Mtu anayetoka kazini, mkoba wake ndio ofisi yake. Akiambiwa auache, nusu ya yale aliyokuja kuyafanya yamebaki nje pamoja nao.

Chuo sitakitaja jina. Wanaosoma hapo watakitambua, na wasiosoma hapo wakitazame cha kwao kwa jicho hilihilo.

Siku ya kwanza nilipofika mlangoni nilianza kuuvua mkoba kwa mazoea. Mzee wa zamu akaniambia, “Ingia nao, mwanangu, hapa hapaachwi kitu.” Nikamwamkia, nikaingia na mkoba wangu na chupa yangu ya maji, na nakwambia kweli, moyo ulitulia kabla sijakiona kiti. Chakula hakiruhusiwi ndani, lakini ujiani pana meza mbili kivulini ambapo mtu anakula mahamri yake bila kujificha. Soketi nilizihesabu. Sehemu ya juu ina viti 76 na soketi 50, nyingine zikiwa sakafuni chini ya vifuniko, na hadi leo ni tatu tu zilizokufa. Waifai inashika vizuri kila pembe. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la kila siku, hiyo peke yake inapunguza gharama ya wiki.

Ghorofa ya kwanza ndiyo iliyonibadilisha. Ni chumba kimoja kikubwa chenye meza saba za duara, kila meza watu tisa, na kila meza ina ubao wake mweupe ukutani. Hakuna mbele wala nyuma. Mhadhiri hana jukwaa. Ana kimeza kidogo katikati, na muda mwingi hakikalii, anazunguka.

Hapa ndipo nilipofaulu takwimu. Mara ya kwanza nililifanyia somo hilo katika ukumbi wa mihadhara wa zamani: watu 140, viti vimefungwa sakafuni kwa bolti, safu juu ya safu. Nilikaa safu ya kumi na moja, na muhula mzima nilichokiona ni shingo za watu. Nilifeli. Mara ya pili mhadhiri alikuwa yuleyule na maandishi yake yaleyale, ila tulikuwa wachache, tumekaa kwenye duara. Najua kwamba mtu anayelirudia somo huwa ameshalionja, kwa hivyo sitaipa meza sifa yote. Lakini naikumbuka jioni moja tulipofika kwenye mkengeuko sanifu, kile kipimo cha namna namba zinavyotawanyika mbali na wastani wake. Vijana wa mezani kwangu walikuwa na kanuni kichwani na hawakujua inafanya nini duniani. Nikachukua kalamu nikasimama ubaoni. Nikawaeleza mawakala wawili: wote wawili, kwa wastani, wanautoa mzigo bandarini kwa siku sita. Mmoja huutoa kwa siku tano, sita au saba. Mwingine leo siku mbili, kesho siku kumi. Wastani ni mmoja, lakini mteja mwenye samaki wa barafu ndani ya kontena anajua ampe nani kazi. Kijana mmoja wa Kisauni, rika la mtoto wa dada yangu, akasema, “Mama, hebu rudia hiyo.” Nikarudia. Mhadhiri alikuwa amesimama nyuma yetu ananisikiliza, nami sikujua.

Katika safu ya kumi na moja nisingalifungua mdomo. Ukiuliza swali kule, watu 140 wanageuka kukutazama. Mezani wanakusikia wanane, na wanane hao umeshawajua majina kufikia wiki ya pili. Ukikosea, unakosea mbele ya watu ambao nao walikosea dakika tano zilizopita. Mtu mzima aliyerudi shule anaogopa kuonekana mjinga kuliko anavyoogopa mtihani wenyewe. Sijui kama wachoraji wa majengo huambiwa jambo hilo.

Mpango huu wa meza haukuzaliwa Mombasa. Ulianzia katika miaka ya 1990 huko North Carolina State University, Marekani, kwa mwalimu wa fizikia aitwaye Robert Beichner, naye alifikia meza za duara za futi 7 hivi, watu tisa katika vikundi vya watatu watatu. Meza zetu nimezipima kwa kanga yangu na hazipishani sana na hizo. Na mwaka 2014 Scott Freeman wa University of Washington na wenzake walichambua tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta kwamba pale wanafunzi wanaposhiriki darasani wanaofeli ni wastani wa asilimia 21.8, na pale wanapohutubiwa tu ni asilimia 33.8. Utafiti huo ni wa ufundishaji, haukupima samani. Ila ushiriki unataka mahali pa kufanyika. Kiti kilichofungwa kwa bolti kimeshakuamulia utamtazama nani.

Kasoro ya chumba hiki ni ndogo na inaudhi: kalamu za ubao. Zile za kwanza zilikauka Februari, na hazijaletwa nyingine. Kila kikundi kinajinunulia. Mbao zimegharimu pesa nyingi, kisha zinakaa tupu kwa kukosa kalamu ya bei ya soda.

Tupande juu. Hapo pana chumba cha kimya, vyumba sita vidogo vya vikundi, na baraza. Naiita baraza kwa sababu ndivyo ilivyo: benchi la kujengwa kwa mawe, linaambaa na ukuta wa ujia kutoka ngaziani hadi mlango wa chumba cha kimya, limetandikwa mikeka ya ukindu, na mito ya kuegemea. Aliyelichora ni mtu aliyewahi kupita Mji wa Kale jioni na akatazama watu wameketi vipi.

Sisi wa pwani tumesoma tukiwa chini muda mrefu kabla ya kuletewa dawati. Darsa msikitini, shekhe ameegemea nguzo, watu wamemzunguka nusu duara. Anayechelewa anajipenyeza pembeni, na hakuna anayegeuka. Baraza la nyumbani nalo liko kati ya ndani na nje. Anayepita anasalimia, akipenda anakaa, akipenda anasikiliza bila kusema, akiondoka haombi ruhusa. Sasa tazama chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kugonga mlango wa chumba cha kikundi chenye watu wasiomjua. Kwenye baraza hagongi. Anakaa, anatoa daftari, na baada ya siku mbili ameshaulizwa anasomea nini. Na wahadhiri wetu je? Saa za kuonana nao ofisini zimebandikwa mlangoni na hakuna anayekwenda, kwa haya na kwa woga. Lakini nimemwona mhadhiri wa uhasibu akipita kwenda zake, ameulizwa swali moja na msichana aliyeketi pale, akakaa. Akaeleza dakika arobaini, wakawa watatu, wakawa saba. Mimi nilikuwa na kazi yangu nyingine kabisa, nikaisahau, nikanukuu.

Kama chuo chako kinajenga na hakina pesa za meza za duara wala skrini, jengeni benchi la mawe mahali watu wanapopita, penye upepo na mwanga. Nalisema hili kwa uzito wote.

Sasa joto, na hapa nina kinyongo.

Chumba cha kimya na vyumba vinne kati ya vile sita vimetazama magharibi, kioo kutoka sakafuni hadi darini, kwa sababu upande huo ndio unaoonyesha maji. Ni mandhari mazuri sana, sikatai. Lakini Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Saa sita jua liko utosini na paa linalibeba. Asubuhi na alasiri liko chini, linapiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja, na ukingo wa paa hauwezi kulizuia. Kuta za kaskazini na kusini ndizo zenye nafuu mwaka mzima. Jambo hili halihitaji mtaalamu kutoka nje. Jengo la zamani la chuo, hili la ngazi nilizokuwa nikisomea, lina veranda pande mbili, dari refu, madirisha ya vibao yanayofunguka huku na kule, na upepo unaingia huku ukitokea kule. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali. Ukiingia humo saa nane mchana unahisi mwili unashuka. Kusi au kaskazi, waliojenga walijua upepo unatoka wapi.

Ukumbi wetu umetegemea kiyoyozi. Kiyoyozi kikifanya kazi, sawa. Mwezi wa Machi stima zilipotea mara nyingi, na jenereta inabeba taa na waifai tu. Madirisha hayafunguki. Hayana hata bawaba; ni kioo kimoja kilichogandishwa. Saa 9 alasiri, wiki ya majaribio, chumba cha kimya kilikuwa na watu sita kati ya viti 40, na hao sita walikuwa wamesogea wote upande wa ukuta kama abiria wa matatu wanaokimbia jua. Waliobaki walikuwa wamejaa kwenye baraza na chini kwenye veranda ya jengo la zamani, wamekaa sakafuni. Ningeulizwa alama saa 3 asubuhi ningetoa tisa kwa kumi. Alasiri ile ningetoa nne.

Vyumba vya vikundi vina tatizo la pili ambalo halionekani kwa macho. Vimejengwa kwa watu sita. Tunaingia wanane, tunafunga mlango, kiyoyozi kinaizungusha hewa ileile, na baada ya saa moja kila mtu anapiga miayo na vichwa vinauma. Zamani nilidhani ni uchovu wa kazi. Kisha nikasoma kwamba watafiti wa Harvard, Joseph Allen akiwaongoza, waliwaweka wafanyakazi 24 katika ofisi ya majaribio wakabadilisha hewa bila kuwaambia, na uwezo wao wa kupima mambo na kuamua ulishuka kadiri hewa ya kaboni, ile tunayoitoa tukipumua, ilivyozidi chumbani. Tangu hapo, kikundi chetu kinafungua mlango kila baada ya nusu saa, na tunasimama nje dakika tano. Inasaidia. Lakini mlango ukiwa wazi, sauti zetu zinakwenda moja kwa moja hadi chumba cha kimya, ambacho kiko hatua chache, na wa kimya wana haki ya kukasirika. Dirisha moja la kufunguka kwa kila chumba lingemaliza ugomvi huo wote.

Kuhusu sauti kwa jumla, ghorofa ya kwanza iko vizuri: dari ina vibao vya kunyonya mwangwi, na meza saba zikizungumza kwa pamoja bado unamsikia wa mezani kwako.

Chumba cha sala kiko chini, cha wanawake na cha wanaume, na mabomba ya kutawadhia yaliyojengwa kwa kimo cha kukalia. Asiyeishi mji huu ataona ni jambo la pembeni. Kipindi chetu kinaanza saa 11:30 jioni na kwisha saa 2:30 usiku. Magharibi inaingia katikati. Tulipokuwa jengo la zamani, watu walitoka kwenda msikitini mtaa wa pili, na robo yao hawakurudi, maana ukishafika barabarani tuktuk ziko mbele yako na nyumbani kunaita. Sasa mhadhiri anatoa dakika kumi na tano, na wote wanarudi. Wasioswali wanapata chai. Sijaona kitu kingine katika jengo hili kilichowabakisha watu darasani kwa gharama ndogo kama hicho.

Njia ya kiti cha magurudumu ipo, ila inaanzia nyuma, karibu na pipa la taka, na lifti inahitaji ufunguo ulio kwa mtu ambaye saa 11 jioni ameshakwenda nyumbani. Mwenzetu mmoja wa darasa la jioni amebebwa ngazini na wanafunzi mara mbili tangu Januari. Ni mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima zake. Mara ya pili alisema atakuwa akisoma maandishi tutakayompigia picha. Chumba cha meza za duara, ambacho nimekisifu hivi, kimemfungia mlango mtu aliyelipa karo sawasawa na mimi. Hilo lirekebishwe kabla ya kalamu, kabla ya pazia, kabla ya chochote.

Na pana suala la saa. Ukumbi unafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Jumamosi saa 7 mchana, Jumapili haufunguliwi. Hesabu mwenyewe kwa mtu wa masomo ya jioni. Siku za kipindi natoka darasani saa 2:30, nina nusu saa. Siku nisizo na kipindi nafika saa 11 na robo, nina saa tatu na kitu. Wanaoweza kuukaa mchana kutwa ni wale ambao wazazi wanawalipia, na wengi wao wana chumba cha kusomea huko kwao. Niliuliza afisini kwa upole. Nikaambiwa ni suala la walinzi na umeme wa kiyoyozi.

Usiku mmoja mwezi wa Juni nilisahau chaja, nikarudi nikiwa nimeshafika kituoni. Ilikuwa saa 3:40. Taa za juu zilikuwa zimezimwa. Kwenye ngazi za mbele, chini ya taa ya usalama, nilihesabu wanafunzi kumi na tisa. Wameketi kila ngazi, laptopu magotini, wanavuta waifai inayopenya ukutani. Msichana mmoja alikuwa ameandika milinganyo kwa chaki kwenye sakafu ya veranda, na wenzake wawili wameinama juu yake. Mzee wa mlangoni alikuwa ametoa waya mrefu kutoka kibandani kwake na kichwa cha soketi nne, na simu na laptopu zilikuwa zikipokezana. Nikamuuliza, “Baba, hawa wanakaa hadi saa ngapi?” Akasema wa mwisho huondoka saa 6 au 7 usiku, na yeye hawafukuzi, kwa sababu nje ya lango ni hatari zaidi kuliko hapa. Nilichukua chaja yangu nikaenda kuwahi feri, na nilipovuka bado nilikuwa nawafikiria.

Kando ya chumba cha sala, karibu na lango, pana chumba kimoja cha chini ambacho sasa kimejaa viti vya zamani. Nimechungulia. Kina mlango wake wa nje, feni mbili za dari, madirisha ya vibao pande mbili, na choo kiko hatua kumi. Kinaweza kuingiza watu thelathini bila kiyoyozi. Mlinzi yupo pale usiku kucha hata sasa. Tumeandika barua, sahihi 212, ya kuomba kihamishwe viti na kiachwe wazi hadi saa 6 usiku, na ufunguo wa lifti ukae kwa mzee wa mlangoni. Imepokelewa afisini tarehe 4 Agosti, na nakala yenye muhuri ninayo mimi.